Ruzuku ya biogesi ilipie moto, si shimo

KATIKA vijiji vya ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, kuanzia miteremko ya Kilimanjaro na Meru hadi Njombe na Rungwe, si ajabu kukuta mtambo wa biogesi ulioota majani nyuma ya banda. Zege lipo, bomba lipo, na jiko la gesi lipo jikoni, ila limejaa masizi ya kuni zinazopikiwa pembeni yake. Kinachokosekana ni moto.

Mwenye mji akiulizwa, hujibu kwa kifupi kwamba gesi ilitoka mwaka wa kwanza, ikapungua, kisha ikakatika kabisa, na fundi aliyejenga hapatikani tena kwa simu. Jirani anayesikia maneno hayo hajengi, hata akiahidiwa kusaidiwa nusu ya gharama.

Lakini katika kijiji hicho hicho huweza kuwapo mtambo mwingine wa umri huo huo unaochemsha chai kila alfajiri, huku tope lake likistawisha migomba. Samadi ni ile ile na ng'ombe ni wa aina ile ile. Mara nyingi tofauti ni namna mtambo ulivyolipiwa, ulivyokaguliwa na ulivyotunzwa baada ya fundi kuondoka.

Suala hili linastahili kutazamwa upya wakati huu ambapo nishati ya kupikia imepewa uzito wa pekee. Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mwezi huo huo, katika mkutano uliofanyika Paris, Ufaransa, nchi na makampuni mbalimbali waliahidi dola za Marekani bilioni 2.2 kwa ajili ya nishati safi ya kupikia barani Afrika.

Fedha zinapotajwa, kila mtu hutega sikio. Hivyo basi, ni vyema mfugaji mdogo na mfanyabiashara wa kijijini wajue mapema ruzuku ya aina gani inawafaa na ya aina gani itawaachia deni na shimo.

Mtungi na mtambo

Hadi sasa sehemu kubwa ya mazungumzo ya ruzuku imekuwa juu ya mtungi wa gesi. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umewezesha mitungi ya kilo sita kuuzwa vijijini kwa nusu ya bei. Hatua hiyo ni njema, kwani imewaondolea wengi kikwazo cha kwanza, yaani fedha za kununua mtungi na jiko kwa mkupuo.

Hata hivyo, gesi ya kwanza ikiisha, ya pili hununuliwa kwa bei ya dukani. Familia isiyo na kipato cha kila wiki huweka mtungi uvunguni na kurudi kwenye mafiga. Anayekaa mbali na barabara hulazimika pia kulipa nauli ya bodaboda kwenda kuujaza.

Mfugaji mwenye ng'ombe wawili au watatu wa kufungiwa bandani yuko katika hali tofauti. Malighafi ya gesi anayo, tena humsumbua kila asubuhi akiiondoa kwa koleo. Kinachomshinda ni gharama ya ujenzi, ambayo hudaiwa yote mara moja wakati faida yake inakuja kidogo kidogo kwa miaka mingi.

Hapo ndipo ruzuku ina kazi. Kazi hiyo ni kupunguza ule mzigo wa mwanzo hadi mfugaji wa kawaida aweze kuubeba, na wala haimaanishi kumpa mtambo wa bure.

Samadi inavyogeuka moto

Ili kuelewa kwa nini mtambo mmoja hudumu na mwingine hufa, ni vizuri kujua unavyofanya kazi. Samadi mbichi huchanganywa na maji kwa kipimo sawa, ndoo kwa ndoo, kisha humiminwa kwenye tangi lililojengwa chini ya ardhi na kuezekwa kwa kuba. Ndani yake hakuna hewa. Vijidudu huozesha mchanganyiko huo na kutoa gesi ambayo zaidi ya nusu yake ni methani. Gesi hujikusanya juu ya kuba na kusukumwa kwa bomba hadi jikoni.

Kilo 25 za samadi mbichi hutoa takriban mita moja ya ujazo ya gesi. Kiasi hicho huwasha jiko moja la nyumbani kwa saa mbili hadi tatu. Kwa hiyo ng'ombe wawili waliolishwa vizuri na kufungiwa bandani huweza kutosheleza sehemu kubwa ya mapishi ya familia ya kawaida. Ng'ombe wanaoshinda machungani huacha samadi yao njiani, na mtambo wa mwenye ng'ombe hao hushinda na njaa.

Kuna mambo mengine matatu ambayo wauzaji wa mitambo huyataja kwa haraka. La kwanza ni maji. Pasipo na maji karibu, kazi ya kuchanganya samadi humrudia mama au mtoto kwa ndoo kichwani, na baada ya miezi michache huachwa. Ipo mitambo iliyobuniwa kutumia maji machache, na mfugaji wa eneo kame hana budi kuiulizia.

La pili ni baridi. Vijidudu hivyo hupenda joto, na kwenye nyanda za juu gesi hupungua miezi ya kipupwe. Mfugaji asiyeambiwa hivyo hudhani mtambo umeharibika.

La tatu ni kuba yenyewe. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kuvujisha gesi yote. Plasta ya ndani ndiyo roho ya mtambo, na fundi anayebana saruji ili abakize faida huua mtambo kabla haujaanza kazi.

Aidha, tope linalotoka upande wa pili si taka. Karibu naitrojeni yote iliyokuwa ndani ya samadi hubaki humo, hivyo ni mbolea nzuri kwa migomba, kahawa, mboga na majani ya malisho. Linatakiwa kuhifadhiwa kivulini na kuwahishwa shambani, kwani likiachwa juani sehemu ya naitrojeni hiyo hupotea hewani. Kwa mkulima anayenunua mbolea ya dukani, faida ya tope huenda isiwe nyuma sana ya ile ya gesi.

Hesabu ya kaya moja

Chukua mfano wa kaya inayotumia Sh 60,000 kwa mwezi kununua mkaa, na mtambo unaogharimu Sh 2,400,000. Bei hutofautiana kutoka mkoa hadi mkoa, na kila mmoja anaweza kuweka tarakimu za kwake. Kwa mfano huu, mtambo ukijengwa kwa fedha taslimu na kuondoa kabisa ununuzi wa mkaa, unarudisha fedha zake baada ya miezi 40.

Lakini wafugaji wengi hawana Sh 2,400,000 mkononi. Tuseme mfugaji anayo akiba ya Sh 600,000 na anakopa Sh 1,800,000 kwenye Saccos kwa miezi 24, kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi juu ya salio. Mwezi wa kwanza atalipa Sh 75,000 za deni na Sh 18,000 za riba, jumla Sh 93,000. Mkaa aliouacha unamwokolea Sh 60,000 tu. Zile Sh 33,000 zilizobaki zitatoka kwenye maziwa, ada ya shule au dawa za ng'ombe.

Sasa iwepo ruzuku ya Sh 600,000. Mkopo unashuka hadi Sh 1,200,000. Mwezi wa kwanza atalipa Sh 50,000 za deni na Sh 12,000 za riba, jumla Sh 62,000. Kufikia mwezi wa tano rejesho linakuwa Sh 60,000, sawa na fedha za mkaa, na baada ya hapo linaendelea kushuka. Kaya haiumii. Baada ya miaka miwili deni limekwisha na gesi inaendelea kutoka.

Huo ndio ukubwa wa ruzuku unaotakiwa, yaani ule unaoshusha rejesho la mwezi hadi likaribiane na fedha ambazo kaya ilikuwa ikitumia tayari. Ikizidi hapo inampa mwenye fedha kitu ambacho angeweza kujinunulia, na ikipungua hapo inamwacha mwenye kipato cha chini nje ya mlango.

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili. Mtambo huo huo ukikata gesi mwezi wa kumi, mfugaji atalipa rejesho la Sh 57,500 na kununua tena mkaa wa Sh 60,000. Jumla ni Sh 117,500 kwa mwezi, karibu mara mbili ya alichokuwa akitumia kabla hajasikia neno biogesi. Aliyetoa ruzuku amekwisha kuandika kwenye taarifa yake kwamba mtambo umejengwa. Aliyebaki na maumivu ni mwenye ng'ombe.

Ikumbukwe pia kwamba zipo kaya nyingi zisizonunua mkaa wala kuni, kwa kuwa kina mama na watoto huokota wenyewe. Kwao mtambo hauokoi shilingi yoyote inayoonekana, ila unaokoa saa za kwenda porini na macho yaliyochoka kwa moshi. Kaya hizo haziwezi kurejesha mkopo kwa fedha za mkaa zisizokuwapo. Rejesho lao halina budi kukatwa kwenye mauzo ya maziwa, na mpango wowote unaowasahau utawafikia tu wale walio karibu na mji.

Nchi ina uzoefu

Biogesi si jambo geni nchini. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) lilianza kujenga mitambo katika miaka ya 1970. Katika miaka ya 1980, Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini (CAMARTEC) cha Arusha, kikisaidiwa na Ujerumani, kilibuni mtambo wa kuba unaojengwa kwa matofali na saruji ambao baadaye uliigwa katika nchi nyingine.

Mwaka 2009 ulianza mpango wa taifa wa biogesi ya majumbani chini ya CAMARTEC, ukiwa sehemu ya mpango mpana wa Afrika uliogharamiwa na Uholanzi. Ruzuku ilifidia sehemu ya gharama, mafundi wakafundishwa, na mitambo mingi ikajengwa Tanzania, Kenya na Uganda.

Mpango huo uliacha mafundi wenye ujuzi na wafugaji walioridhika. Uliacha pia somo kwamba idadi ya mitambo iliyojengwa na idadi ya mitambo inayowaka ni vitu viwili. Ruzuku inayolipwa pale zege linapokauka humhimiza fundi akimbilie shimo lingine. Hakuna kinachomrudisha kuangalia lile la kwanza.

Nepal walifanyaje

Nepal ni nchi ya wakulima wadogo na milima mirefu. Mwaka 1992 ilianza mpango wa biogesi kwa msaada wa Uholanzi, na tangu hapo mitambo zaidi ya 300,000 imejengwa majumbani. Yako mambo manne yanayofaa kutazamwa.

Kwanza, ruzuku ilikuwa kiasi maalumu cha fedha, haikuwa asilimia ya gharama. Mjenzi akipandisha bei, ruzuku haikupanda pamoja naye. Pia mkulima aliyejenga mtambo mdogo alisaidiwa kwa uzito zaidi kuliko aliyejenga mkubwa kuliko mahitaji yake.

Pili, wanaoishi milimani walipewa zaidi ya wanaoishi bondeni, kwa kuwa kusafirisha saruji kwenda juu ni gharama. Mpango ulikiri ukweli wa jiografia badala ya kudai usawa wa makaratasi.

Tatu, michoro na viwango vilikuwa vya aina moja, na wakaguzi walichagua mitambo kadhaa bila kutoa taarifa na kwenda kuipima. Kampuni iliyokutwa imekiuka viwango ilikatwa fedha.

Nne, kampuni iliwajibika kutoa dhamana na kurudi kuuhudumia mtambo kwa muda uliowekwa baada ya kuujenga. Kutokana na hilo, ushindani wa makampuni ulikuwa pia wa sifa ya kazi, na haukuishia kwenye bei.

Kilichotokea Ulaya

Hata nchi tajiri zinahangaika na jambo hili. Uingereza, ambako baridi hulazimisha nyumba kupashwa joto, inawashawishi wananchi waachane na mitambo ya gesi na mafuta na kufunga pampu za joto. Pampu hiyo hufanya kazi kama jokofu lililogeuzwa. Huvuta joto kutoka hewani nje na kuliingiza ndani, na kwa uniti moja ya umeme hutoa joto la uniti tatu hivi. Tatizo lake ni lile lile la biogesi, kwamba gharama ya kuifunga ni kubwa.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2022 England na Wales zilianza kutoa ruzuku ya kufunga pampu hizo, na Oktoba 2023 kiasi hicho kilipandishwa hadi pauni 7,500. Fedha hizo hazipitii mikononi mwa mwenye nyumba. Fundi aliyesajiliwa ndiye anayeziomba, naye huzipunguza kwenye ankara ya mteja. Mteja huona bei iliyobaki kwa macho yake, na fundi asiyesajiliwa hapati kitu.

Lakini Ireland ya Kaskazini ilipata somo chungu. Novemba 2012 ilianzisha mpango wa kuwalipa wafanyabiashara na wakulima waliofunga mitambo ya joto inayotumia vyanzo visivyokwisha, kama vile vipande vya mbao vilivyoshindiliwa. Malipo yalitolewa kwa kila uniti ya joto iliyozalishwa, yakiwa na uhakika wa miaka 20. Kosa lilikuwa moja, nalo kubwa. Malipo ya uniti yalizidi gharama ya kuni zenyewe, na hapakuwa na kikomo kilichopunguza malipo kwa anayechoma kupita kiasi.

Matokeo yake, kila aliyechoma zaidi alipata zaidi. Wafugaji wa kuku, ambao mabanda yao huhitaji joto kweli, waliingia kwa wingi. Mpango ulifungwa kwa waombaji wapya Februari 2016, ikikadiriwa kwamba hasara kwa umma ingeweza kufikia pauni milioni 490. Januari 2017 naibu kiongozi wa serikali hiyo, Martin McGuinness, alijiuzulu kwa sababu kashfa hiyo iliongezeka juu ya mivutano mingine, na serikali ikakaa bila kufanya kazi kwa miaka mitatu. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Sir Patrick Coghlin ilitoa taarifa yake Machi 2020, ikieleza mlolongo wa uzembe na usimamizi duni.

Mara nyingi kisa hicho husimuliwa kama kisa cha wanasiasa. Kwa mkulima, sehemu inayouma zaidi ni iliyofuata. Serikali ilipokata viwango vya malipo mwaka 2017 na tena mwaka 2019, waliokopa kwa uaminifu wakitegemea ile ahadi ya miaka 20 walibaki na madeni ya benki. Ruzuku iliyopangwa vibaya humwadhibu aliyeiamini.

Nini kifanyike

Kutokana na mafunzo hayo, mpango wowote wa kuhamasisha biogesi ya majumbani unapaswa kuwa na masharti machache yanayoeleweka hata kwa asiyesoma magazeti.

Ruzuku iwe kiasi maalumu kinachotangazwa wazi, kibandikwe kwenye ofisi ya kijiji, na kiwe kikubwa kidogo kwa maeneo ya mbali ambako saruji hufika kwa gharama. Mfugaji naye achangie fedha yake. Kinachopatikana bure hakitunzwi, na mtu aliyetoa Sh 600,000 za akiba yake hawezi kumwacha fundi aondoke jiko likiwa haliwaki.

Malipo yagawanywe. Sehemu moja ilipwe baada ya mkaguzi kuona moto ukiwaka jikoni, na sehemu nyingine ibaki hadi mwaka mmoja upite na moto uonekane tena. Mafundi watalalamika kwamba mtaji wao ni mdogo, na wana haki ya kusikilizwa. Ndiyo maana sehemu ya kwanza inapaswa kutosha kulipia vifaa na ujira, huku ya pili ikiwa ndiyo faida yake. Fundi mwenye faida yake ndani ya mtambo wa mteja atapokea simu.

Kila mtambo upewe namba na jina la fundi aliyeujenga, viandikwe kwenye zege na kwenye daftari la kijiji. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo daftari hilo linaweza kuwa ndani ya simu, ila ni muhimu mwanakijiji yeyote aweze kuliona.

Mkopo na ruzuku vitembee pamoja. Saccos na vyama vya ushirika vya maziwa vinawajua wanachama wao kuliko ofisi yoyote ya mkoani. Rejesho likikatwa kwenye malipo ya maziwa, mkopeshaji ana uhakika na mkopaji hapati usumbufu. Lakini chama kisikubali kutoa mkopo kwa mtambo ambao fundi wake hajasajiliwa.

Mwisho, muda wa mpango ujulikane tangu mwanzo. Mipango inayoanza kwa ngoma na kukatika ghafla bajeti inapobadilika huwafanya mafundi waliofundishwa kurudi kujenga nyumba, na wafugaji waliokuwa wakidunduliza kubaki wanasubiri ruzuku ambayo haiji. Ni afadhali ruzuku ndogo inayodumu miaka kumi kuliko kubwa ya miaka miwili.

Nafasi ya mfanyabiashara mdogo

Wenye maduka ya vifaa wasidhani kwamba suala hili haliwahusu. Mtambo mzima unaweza kulala kwa sababu ya koki moja iliyochakaa, mpira uliopasuka au tundu la jiko lililoliwa na kutu, kwani ndani ya biogesi mna kiasi kidogo cha gesi ya salfa inayokula chuma. Vifaa hivyo ni vya bei ndogo, lakini kama vinapatikana mkoani pekee, mama mwenye jiko atarudi kwenye kuni kabla hajapata nafasi ya kusafiri.

Muuza duka wa kijiji chenye mitambo 20 akiweka koki, mipira na majiko machache ya akiba, anajipatia wateja wa kudumu. Fundi naye akiweka siku moja kwa mwezi ya kupita nyumba kwa nyumba kumwaga maji yanayojikusanya kwenye bomba na kukagua viungo, kwa malipo kidogo, anajenga biashara isiyotegemea ruzuku ya mtu.

Maswali kabla ya kutia sahihi

Wakati mpango wa namna hiyo ukisubiriwa, mfugaji anayefikiria kujenga ana la kufanya leo. Apime samadi ya wiki moja kwa ndoo, ajue kwa siku anapata kilo ngapi. Aangalie maji yako umbali gani. Atembelee mtambo ambao fundi huyo aliujenga miaka mitatu iliyopita, na aombe kuona moto wake, asiridhike na picha.

Amwulize fundi bei yote, ikiwamo saruji, kokoto, bomba, jiko na chakula cha vibarua, na aandikiwe. Aulize nani atarudi gesi ikipungua, kwa muda gani, na kwa gharama ya nani. Na siku ya maelezo, yule atakayekoroga samadi kila asubuhi awepo. Mara nyingi karatasi hutiwa sahihi na baba, wakati mtambo utalishwa na mama ambaye hakuambiwa chochote.

Wanaopanga bajeti nao wanalo la kujiuliza kila mwaka wa fedha unapofika mwisho. Taarifa zitakazowafikia zitakuwa na idadi ya mitambo iliyojengwa, picha za uzinduzi na jumla ya fedha zilizotumika. Wadai tarakimu moja zaidi, kwamba kati ya mitambo iliyojengwa miaka mitatu iliyopita, mingapi imepika chai asubuhi ya leo? Ofisi itakayoweza kujibu swali hilo bila kusita inastahili kuongezewa fedha. Isiyoweza kujibu ianze kwa kwenda vijijini kuhesabu.